Mwaka wa Akiba

Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi, ngazi za mto Ganga nyuma ya chuo hazikuwa na nafasi hata ya kuweka kiatu. Vijana zaidi ya elfu moja walikuwa wameketi goti kwa goti, kila mmoja na kibao mapajani, wakingoja karatasi za majaribio zinazogawiwa bure pale mjini Patna kila mwisho wa wiki. Wengi walisomea kazi za reli na za benki. Wachache, wenye macho mekundu zaidi na mifuko mizito zaidi, walisomea mtihani mkubwa wa utumishi wa umma, ule unaomgeuza mtoto wa karani kuwa mkuu wa wilaya. Anayewahi huchagua ngazi za juu, penye kivuli. Anayechelewa hushuka mpaka ngazi ya mwisho, penye tope.

Vaidehi alichelewa. Alishuka mbio, pindo la kanzu yake ya buluu amelikusanya mkononi, mtandio wa manjano ameufunga kiunoni kama anayekwenda kupura mpunga. Nafasi ilikuwa moja tu, kando ya kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja.

"Kaka, sogea kidogo."

"Nikisogea, dada, mto utanibeba, mchana utanikuta Bengali."

"Ukifika utusalimie."

Kijana akacheka, akasogea, na kiatu chake cha kulia kikaingia majini. Jina lake lilikuwa Rituraj.

Desturi ya pale ngazini ni kwamba muda ukiisha, kila mtu humpa jirani karatasi yake aisahihishe. Vaidehi alimkata Rituraj alama kwa swali la kumi na saba kwa sababu alikuwa amejaza miduara miwili. Rituraj alijitetea kwamba ule wa kwanza ulikuwa wa kujaribu tu. Vaidehi akamwambia mashine ya kusahihishia haijui kujaribu. Tangu siku hiyo akaitwa Mkaguzi, naye akamlipa Rituraj kwa jina la Mheshimiwa, maana kijana huyo alikuwa na mazoea ya kunyoosha kola kabla ya kujibu swali lolote.

Wote wawili walikuwa mwaka wa kwanza wa shahada, katika vyuo viwili tofauti. Vaidehi siasa, Rituraj jiografia. Wenzao wa ngazini walikuwa na shahada tayari, wengine na mvi moja mbili, na waliwaita watoto wa chekechea. Kaka mmoja aliyekuwa ameanguka mara nne aliwauliza wanakimbilia nini. Jibu Vaidehi alikuwa nalo.

Baba yake alikuwa karani wa posta Samastipur, mtu wa maneno machache na ahadi zinazoshikika. Siku alipompeleka Patna, alimwambia hivi mbele ya mama yake: asome shahada, na mtihani ausomee humo humo chuoni, mwaka wa kumaliza shahada aufanye, mara moja tu. Akivuka mchujo, ile hatua ya kwanza, hakuna mtu atakayemgusa mpaka afike mwisho. Asipovuka, nyumba itazungumza habari za ndoa. Mara moja. Ndiyo sababu Vaidehi alianza akiwa na miaka kumi na minane. Nafasi moja haitaki mtu anayeanza leo.

Alisoma akitembea. Akikaa, miguu ilimuwasha. Akilala, orodha za ibara za katiba zilimpitia kichwani kama mabehewa ya mizigo. Alizunguka juu ya paa la hosteli asubuhi kabla ya vipindi na jioni baada ya vipindi, kitabu mkononi, hata Pratima, mwenzake wa chumba, akasema siku moja watamkuta Vaidehi ameangukia ghorofa ya chini na bado anataja majukumu ya gavana.

Rituraj naye alikuja na mpango wa majibu. Kila siku mmoja amwandikie mwenzake jibu moja la insha, maneno mia mbili na hamsini, wabadilishane jioni kwenye kibanda cha chai cha barabara ya Ashok Rajpath, walirudishe kesho yake limesahihishwa kwa wino mwekundu. Miezi ya kwanza wino ulisema mambo ya kazi: utangulizi mrefu, takwimu hazipo, hitimisho limechoka. Kisha pembezoni pakaanza kuota maneno mengine. *Hoja ya tatu haina ushahidi. Umekula?* Na chini yake, kwa kalamu ya buluu: *Nimekula litti mbili. Ushahidi nitauleta kesho. Mtandio wa kijani umekupendeza kuliko wa manjano, na hoja hiyo haihitaji takwimu.*

Hawakuambiana kwamba wanapendana. Waliambiana kwamba watafanya mtihani siku moja, mwaka mmoja, ikiwezekana jengo moja. Katika mji ule watu wengi huambiana hivyo badala ya lile neno jingine. Rituraj alikwenda mbali zaidi. Jioni moja, mvuke wa chai ukimfunika miwani, alisema kwamba mmoja wao akikwama, mwingine atamsubiri.

Miaka miwili na nusu ikapita hivyo.

*

Fomu zilifunguliwa mwezi wa Februari, wiki moja baada ya sikukuu ya Saraswati, mungu wa elimu, siku ambayo nyumbani kwa Vaidehi huhesabiwa kuwa ndiyo ya kuzaliwa kwake. Mwaka huo alikuwa ametimiza ishirini na moja. Rituraj alimletea peremende na kalamu nyekundu mpya. Hata wale kaka wa ngazini walimwimbia.

Alikaa kitandani, simu mkononi, vyeti vimepangwa juu ya mto. Akaandika jina kama lilivyo kwenye cheti cha darasa la kumi. Akaandika tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti cha darasa la kumi. Maandishi mekundu yakatokea: mwombaji hajafikisha umri.

Alifikiri amekosea. Akaandika upya. Akazima simu, akaiwasha, akaandika mara ya tatu polepole kama mtoto anayejifunza herufi.

Cheti kilisema ana miaka ishirini. Alikuwa akilijua hilo tangu utotoni bila kulijua, kama mtu anavyojua idadi ya ngazi za nyumba yao. Baba yake, alipomwandikisha shule, alimpunguzia mwaka mmoja, kama wazazi wengi wa kule wanavyofanya, na tarehe hiyo ikaenda naye kwenye kila fomu kama jina la pili ambalo hakuna anayeliita. Umri wake halisi ulihesabiwa kwa sikukuu. Na pale ngazini hakuna aliyewahi kumkumbusha, kwa sababu umri waliouogopa watu wote ni ule wa juu, ule wa kuzeeka kabla ya kufaulu. Kwamba kuna umri wa chini, ishirini na moja kamili ifikapo mwezi wa Agosti, alikuwa amelisoma mara moja mwaka wa kwanza, akahesabu kwa sikukuu yake, akafungua ukurasa mwingine. Kuubadilisha mwaka wa cheti hakuwezekani tena.

Alikuwa amewahi mno. Alifika mlangoni kabla ya mlango kuwa mlango.

Simu ikalia. Rituraj.

"Mkaguzi, umeshajaza?"

Vaidehi alisimama, akaanza kutembea kutoka dirishani hadi kwenye kabati. Alimjua mtu huyu. Akimwambia kweli, atafunga fomu yake aliyokuwa ameijaza nusu, atanyoosha kola na kusema tutafanya wote mwaka kesho. Naye Rituraj alikuwa tayari. Majibu yake ya miezi ya mwisho hayakuwa na pa kuweka wino. Kumfanya asubiri ilikuwa kama kumwambia mpunga ulioiva ungoje.

"Nimejaza," alisema.

"Basi tumekwisha kuolewa na serikali. Lala salama, mke mwenza."

Vaidehi akacheka kwa sababu ilibidi acheke. Nyumbani hakusema kitu. Kwa hesabu ya baba, shahada ingekwisha mwezi wa Juni na mtihani ungekuwa umepita, na ahadi ilikuwa ya mara moja.

*

Uongo mdogo una njaa kubwa. Rituraj aliuliza amechagua kituo gani, Vaidehi akajibu Patna. Aliuliza wajaribu lini karatasi nzima ya asubuhi na ya mchana. Vaidehi alisema anaumwa kichwa. Majibu aliyoandika yakawa mafupi. Kibandani akawa anafika akiondoka. Kwenye Holi, sikukuu ya rangi, alikwenda nyumbani, akakuta wageni kutoka Darbhanga, baba na mama na kijana mhandisi mwenye viatu vinavyong'aa, wamekuja "kusalimia". Alivishwa sari ya waridi ya mama yake, akabeba sinia la chai, akaulizwa kama anajua kushona. Alisema anajua kushona na pia anajua ibara ya mia tatu na kumi na mbili. Mama yake alikohoa.

Pratima, ambaye hakuwa na ubaya, alimsimulia Rituraj habari za sari ya waridi kama kichekesho.

Kadi za mtihani zilitoka mwezi wa Mei. Siku ile kibanda cha chai kilijaa vijana wanaoonyeshana simu, huyu kapangiwa shule ya mashariki, huyu ya magharibi. Joto lilikuwa kali hata majani ya chai yalikuwa yanajichemsha. Rituraj alikuwa amevaa kurta mpya ya rangi ya maziwa. Alimngoja Vaidehi anywe funda la kwanza.

"Kituo chako wapi?"

"Sina kituo."

"Kadi haijafunguka? Lete simu nijaribu."

"Sikujaza fomu, Rituraj."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake katika miezi mingi, na yeye alilisikia hilo kabla ya maneno mengine. Aliweka kikombe cha udongo juu ya benchi kwa uangalifu mkubwa.

"Kumbe ni kweli. Mhandisi wa Darbhanga."

Vaidehi alikizungusha kikombe chake mikononi.

"Miaka mitatu unanikata alama kwa kukosa ushahidi. Mimi leo nakuomba ushahidi mmoja tu. Niambie sivyo."

Angeweza kusema. Mtihani ulikuwa wiki mbili mbele. Alimtazama, akaona jinsi ambavyo Rituraj angekwenda kuketi katika ule ukumbi wa mtihani na akili yake yote ikiwa nje, kwa Vaidehi, au asiende kabisa. Hasira, alifikiri, humkalisha mtu vizuri zaidi kuliko huruma.

"Nenda kafanye mtihani wako, Mheshimiwa."

"Ulikuwa unasoma kupitisha muda," Rituraj alisema, polepole, "mpaka bwana harusi apatikane."

Watu wawili waliokuwa karibu waliacha kutazama simu zao. Vaidehi alijifunika mtandio kichwani, akavuka barabara katikati ya pikipiki bila kutazama upande wowote. Rituraj alibaki amesimama. Neno lake lilikuwa bado mdomoni na ladha yake ilikuwa mbaya.

Siku ya mtihani Vaidehi alizunguka paa la hosteli kuanzia saa tatu na nusu, karatasi ya asubuhi ilipoanza, mpaka saa kumi na nusu, ya mchana ilipokwisha. Pratima alimpandishia maji mara mbili, na mara ya pili alikaa chini, akamshika kifundo cha mguu, akasema hamwachii mpaka amwambie. Akaambiwa.

*

Rituraj alivuka mchujo. Matokeo yalitoka katikati ya Juni, na katika mkoa ule mtu akivuka hatua ya kwanza tu, baba za wasichana huanza kuulizia nyumba yake. Ndani ya siku tatu mama yake alikuwa amepokea picha mbili na kikapu kimoja cha maembe. Rituraj alichukua vitabu vya Vaidehi alivyokuwa navyo, akaenda kuviacha kwenye lango la hosteli ili mambo yaishe.

Pratima ndiye aliyetoka kuvipokea.

"Hongera," alisema. "Unajua ibara zote za katiba ya India. Unajua sharti la umri la mtihani wako mwenyewe?"

Rituraj alinyoosha kola, akaanza kujibu: ishirini na moja, kwa kuhesabu tarehe ya cheti cha... Akaacha hapo hapo. Pratima alimwangalia anavyohesabu.

"Cheti chake kinasema ishirini," alisema Pratima. "Alikuficha kwa sababu ungesubiri. Na wewe ukamtukana barabarani. Yuko Samastipur. Wale wa Darbhanga wanakuja leo saa kumi kuchukua jibu. Sasa simama hapo uendelee kunyoosha hiyo kola."

Rituraj alimpigia Vaidehi simu mara nne. Ya tano ikapokelewa. Alisikia mafuta yakichemka na sauti ya mama anayeomba chumvi.

"Mkaguzi, nisamehe. Nilisema neno la kijinga mbele za watu, na nitakuomba radhi mbele za watu wale wale, hata wakitaka nipande juu ya benchi."

"Umevuka?"

"Nimevuka. Ningekusubiri, Vaidehi."

"Najua. Ndiyo maana."

"Nije? Treni ya saa sita bado ipo."

"Ukija, litakuwa jambo la mvulana. Hili ni langu na baba yangu." Akapunguza sauti. "Lakini usizime simu."

Baba yake alikuwa barazani, anapiga pasi shati lake la wageni mwenyewe, kwa sababu hakuwahi kumwamini mtu mwingine na kola. Jikoni mama alikuwa anakaanga bajia. Vaidehi alisimama mlangoni, akahama mguu huu akaegemea ule, akaona kwamba asipouliza sasa atatembea maisha yake yote.

"Baba, kwa nini uliniandika mdogo?"

Alimweleza yote: fomu, maandishi mekundu, miezi ya kunyamaza. Baba alisikiliza, pasi imesimama wima mkononi. Alipomaliza, mzee aliiweka pasi pembeni, akasema kwamba siku ile mwalimu mkuu alimuuliza tarehe, naye alikuwa na dakika moja ya kufikiri.

"Kazi za serikali zina ukomo wa umri," alisema. "Mimi nilifanya mtihani wa ukaguzi wa posta mara mbili. Mara ya tatu nikawa nimeupita umri kwa miezi minne. Miezi minne tu. Nikafikiri, huyu akianguka, awe na mwaka wa akiba."

"Nilikuwa na miaka mitano."

"Ulikuwa unasoma vibao vya barabarani kwa sauti. Watu walikuwa wanageuka."

"Na kaka?"

"Kaka yako nilimwandika tarehe yake ya kweli."

Vaidehi alikuwa amekuja na hasira aliyoifunga vizuri kama furushi, na sasa fundo lilikuwa linalegea mikononi. Alitaka kusema kwamba haikuwa haki, kwamba mtu anayetaka kuitumikia nchi hapaswi kuanza na tarehe ya kubuni, na hayo yote yalikuwa kweli, na alijua atayabeba. Lakini mtu huyu alikuwa amemfikiria kuwa ofisa tangu hajajua kufunga viatu.

"Basi naudai, Baba. Ule mwaka. Ahadi yetu ilikuwa mtihani mmoja, na mimi sijaufanya."

"Wale watu wameshatoka Darbhanga."

"Najua."

"Mama yako ameshakaanga."

"Tutakula sisi."

Baba aliichomoa pasi ukutani. Akalikunja shati bila kulivaa. Akachukua simu, akasalimia kwa heshima zote, akauliza kama safari ni njema, kisha akasema kwamba kuna jambo, binti ana mtihani. Upande wa pili waliuliza mtihani wenyewe ni lini. Mzee alimtazama Vaidehi, akageukia ukuta.

"Mwaka kesho," alisema.

Mama aliyasikia kutoka jikoni. Alileta sinia zima la bajia, akaliweka kati yao, na chumvi ilikuwa imezidi.

*

Wiki iliyofuata Rituraj alisafiri kwenda Delhi kujiandaa kwa mtihani mkuu. Asubuhi yake alikuwa amepanda juu ya benchi la kibanda cha chai na kuomba radhi, mpaka mwenye kibanda akamwomba ashuke kwa sababu benchi lina mguu mmoja mbovu. Sasa walikuwa stesheni ya Patna, jukwaa la kwanza, kati ya wapagazi na familia zilizokalia masanduku. Vaidehi alikuwa amevaa kanzu ya rangi ya zambarau aliyoishona mwenyewe, mshono wa bega ukiwa umepinda kidogo.

Treni ilikuwa imeshaingia. Rituraj alitupa begi dirishani, akarudi.

"Nimeongea na mama," alisema. "Amerudisha zile picha. Anasema niseme tu, wao watakuja Samastipur hata Jumapili."

"Asije."

Uso wa Rituraj ulibadilika.

"Nisikilize, mpenzi," Vaidehi alisema, na lile neno, ambalo hakuwahi kulitumia, lilimfanya Rituraj ashindwe hata kuigusa kola. "Wazazi wako wakija Jumapili, baba atakubali, na mwaka wangu utakuwa mwaka wa harusi. Nitachaguliwa sari, nitaulizwa orodha ya wageni, shangazi zako watataka kuniona napika. Kukukataa sikukatai. Ila huu mwaka nimeudai kwa mzee ambaye hakuwahi kupata wake. Siwezi kumpa mtu mwingine, hata wewe."

Filimbi ilipigwa. Watu wakaanza kukimbia.

"Basi nikuulize lini?"

"Mwaka kesho, siku ya mchujo, saa kumi na nusu, nje ya lango la kituo changu. Nikitoka nacheka au nalia, uniulize hivyo hivyo."

"Na nikiwa nimeshakuwa ofisa, niko chuo cha maofisa kule milimani, sitoki bila kibali?"

"Omba likizo, Mheshimiwa. Andika barua fupi, sababu iwe ya kweli."

Treni ilijivuta. Rituraj alirukia mlangoni, akashika chuma, akainama nje kadiri alivyoweza.

"Na jibu?" alipaza sauti. "Jibu litakuwa nini?"

Vaidehi alikuwa anatembea sambamba na behewa, kisha akaongeza mwendo, kisha akawa anakimbia, viatu vikigonga jukwaa. Wapagazi walimpisha.

"Ndiyo," alisema alipofika mwisho wa jukwaa, kwa sauti ya kawaida, ingawa treni ilikuwa imekwisha kwenda na aliyemsikia alikuwa mama mmoja tu, muuza karanga, ambaye alimwambia akae kidogo apumzike.

"Siwezi, mama," alisema Vaidehi, na akageuka kurudi mjini kwa miguu.